Ampli ya lampi: sauti tamu, na volti mia tatu ndani

Siku ya mposho jioni, kama umeme iko, mtu akipita nyuma ya ukumbi wetu hapa Kipushi atasikia kwanza mngurumo mdogo, sawa nyuki mu mzinga. Hapana kuogopa. Ni ampli yetu inapata moto. Tunaiwasha, tunakaa, tunangoja karibu nusu dakika, kiisha gitari inaanza kusema. Vijana wanatucheka: "Ba yaya, hata simu ya Uchina haichelewi vile!" Tunawaacha wacheke. Wakisikia mi-solo inaingia, wananyamaza.

Sisi ni kikundi cha watu wa mashimo. Wengine wako kazini mpaka leo, wengine walistaafu, wengine walitolewa kazini. Tulijuana kwa sendika, si kwa muziki. Orkestra ilikuja kisha, juu ya matanga: kamarade akifa, familia yake inahitaji watu wa kuimba usiku kucha, na kukodi orkestra ni makuta mingi. Tukasema, basi, tuko na gitari tatu, tuko na mtu wa ngoma, kitu kinakosa ni ampli.

Wasomaji wengi wametuuliza kwa nini tulijichosha kutafuta ampli ya lampi wakati ku soko ya Lubumbashi ampli za transista ziko zimejaa. Ni swali la haki. Lampi ni kitu cha zamani: chupa ya kioo isiyo na hewa ndani, na uzi unaowaka mwekundu. Inakula umeme, inatoa joto, inachoka, inavunjika. Lakini ukipiga gitari kwa nguvu, transista ya bei ndogo inafika mwisho wake mara moja na kukata sauti sawa kisu. Lampi inafika mwisho wake polepole. Inaanza kubana, sauti inanenepa, inakuwa na chumvi kidogo. Ukipunguza mkono, inarudi safi. Mpigaji wetu wa solo anasema ampli ya lampi inamjibu, ile ingine inamrudilia tu. Hatuna maneno mazuri kupita hayo.

Mara ya kwanza tulidanganywa. Muuzaji mmoja (hatumtaji) alituletea sanduku yenye dirisha mbele, na nyuma ya kioo lampi moja inawaka rangi ya chungwa, nzuri kabisa. Tulilipa na makuta ya likelemba ya miezi miwili. Tulipofungua, lampi ilikuwa imekaa paka pale sawa ua mezani, na chini yake taa ndogo ya plastiki ikiimulika. Sauti yote ilitoka kwa transista. Tangu siku ile tuko na desturi zetu mbele ya kutoa franka moja. Tunainua: ampli ya kweli ya waati 30 yenye oparleri mbili inapita kilo 30, juu ya chuma cha transfo. Tunaangalia nyuma na kuhesabu: transfo kubwa ya kuingiza umeme, na ingine ya kupeleka sauti kwa oparleri. Ile ya pili ikikosa, wewe rudi nyumbani. Tunaiwasha na kusikiliza. Ikisema papo hapo, lampi haina kazi mule. Na tunanusa. Ndiyo, tunanusa. Transfo iliyoungua ina harufu isiyotoka hata miaka kumi.

Ile tuliyo nayo leo ilitoka Likasi, kwa familia ya mwanamuziki marehemu. Walikuwa wameweka juu yake televizio na kitambaa cha kushona. Mama mwenye nyumba alisema: "Iyi kintu ya baba yenu iko inanilia fasi mu nyumba tangu zamani, mubebe." Hatukubali kubeba bure. Tulilipa, si bei yake ya Bulaya, lakini bei ambayo hatuoni haya kuisema mbele ya mama yule.

Ni Vox AC30. Wasiojua: ampli hii ilianza kuuzwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, katika kiwanda cha Tom Jennings pale Dartford. Aliyeichora ni Dick Denney, yeye mwenyewe mpigaji wa gitari. The Shadows waliitumia, The Beatles waliitumia. Ndani yake mna lampi nne za EL84 za kusukuma sauti, lampi ndogo za ECC83 za kuikuza kwanza, na lampi kubwa GZ34 ya kugeuza umeme wa ukutani uwe wa upande mmoja. Watu wengine wanapenda Fender za Marekani, au Marshall, ambayo ilianza London 1962 kwa kuiga Fender Bassman. Ni ampli nzuri. Lakini kwa muziki wetu, gitari tatu zinazosukana, AC30 iko na ule mwangaza wa juu unaotenganisha solo na mi-solo bila kupigana. Hapo hatutaki mabishano.

Tunajua pia kwamba Katanga haikungoja ampli kwa kupiga gitari. Jean-Bosco Mwenda alipiga "Masanga" kwa gitari kavu, na Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 palepale Likasi, wakati mji unaitwa Jadotville. Lakini Mwenda alikuwa mtu mmoja mbele ya mikro moja. Sisi tuko mu uwanja wa matanga na watu mia mbili wanalia.

Sasa tufike kwa jambo lenyewe lililotufanya tuandike.

Ampli iliyolala miaka mingi haiwashwi hivihivi. Hilo tulijua. Mzee mmoja, fundi wa radio tangu ujana wake, alitufundisha kuweka balbu ya zamani ya waati 100, ile ya uzi, kwenye njia ya umeme kabla ya ampli. Kama ndani kuna kitu kimeshikana, balbu inawaka sana na ampli inapona. Kama yote ni sawa, balbu inawaka kidogo, kiisha inafifia. Yetu iliwaka sana. Mzee akazima, akasema: "Kondensa zimekauka. Kesho tutazitoa. Apana kugusa." Akaenda kula.

Mdogo wetu mmoja hakungoja kesho. Ni kijana wa umeme, alifanya kazi kwa pampu za maji za shimoni, volti 380 anaijua sawa jina lake. Siku zile hakuwa tena na kazi. Mwajiri wake alimtoa pamoja na wengine, kisha wao kutia sahihi kwa barua ya kudai vinyago vya vumbi. Akili yake ilikuwa inatafuta kitu cha kufanya. Alichomoa waya ukutani. Kwa pampu, ukisha kukata umeme na kufunga kufuli, mashini imekufa. Akafungua ampli, akatia mkono.

Ndani ya ampli ya lampi kuna umeme wa upande mmoja unaopita volti 300, na kondensa zinaushika hata waya ikiwa imechomolewa. Zinaushika dakika, na zingine kwa muda mrefu zaidi. Hauna huruma. Ulimtupa nyuma, akaangukia meza ya chuma, mkono wa kuume ukavunjika fasi mbili. Tulimkuta amekaa chini, macho wazi, anatuangalia bila kutuona. Tulimbeba kwa moto mpaka hospitali.

Alipona. Lakini mtu asiye na kazi hana karatasi ya matibabu ya kampuni, na mkono wa kuvunjika mara mbili si bei ya aspirini. Mke wake alikuja kwa mkutano wetu na mtoto mgongoni, akasema kwa sauti ya chini: "Ba papa, mulimutuma mu ile kazi, ao alijituma?" Hakuna mtu aliyejibu haraka. Kweli, hakuna mtu aliyemtuma. Lakini ampli ilikuwa yetu sote, na ukumbi ulikuwa wetu, na sisi tunaoandikia wakubwa kila mwezi juu ya usalama wa kazi, hatukuwa tumeweka hata karatasi moja juu ya sanduku ile.

Kwa hiyo leo iko na karatasi, na kufuli. Sheria ni zilezile za shimoni, tumeongeza mbili. Mwenye kufungua ndiye mwenye ufunguo wa kufuli iliyofungwa kwenye plagi, na hakuna ufunguo wa pili. Kisha kuchomoa, tunamaliza umeme wa kondensa kwa resistansi kubwa yenye waya mbili zilizofunikwa vizuri, ncha moja kwa chuma cha ampli, ncha ingine kwa kondensa, tunahesabu polepole, kiisha tunapima na testeri. Si kwa bisibisi, ile cheche inaharibu kila kitu na inaweza kukupofusha. Testeri ikionyesha karibu sifuri, njo tunagusa. Kama ni lazima kupima wakati inawaka, mkono mmoja unakaa mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Mtu peke yake hafungui, hata awe fundi wa nani. Na waya ya tatu, ile ya ardhi, tulitia kabla ya kitu kingine chochote, juu ampli hii ilikuja na waya mbili tu, na mpigaji anayeshika nyuzi za gitari na mikro kwa mdomo anaweza kufa mbele ya watu.

Kuitengeneza kulichukua miezi. Kondensa kubwa tulibadilisha zote. Za zamani zilikuwa za mikrofaradi 16, tulitia za 22, mngurumo ukapungua. Kondensa ndogo zinazopeleka sauti kwa EL84 zilikuwa zinavuja: ukipima upande wa lampi ulitakiwa kupata sifuri, sisi tulipata volti tatu. Ndiyo maana lampi moja ilikuwa inageuka nyekundu pembeni, sawa chuma kwa mhunzi. Lampi ikiwa vile, inajiua na inaweza kuua transfo pamoja nayo.

Kiisha kuna joto. AC30 ni mashini ya moto. EL84 zote nne zinategemea resistansi moja ya ohm kama 50, na walizipangia kufanya kazi karibu na mwisho wa nguvu zao. Kwa Uingereza kwenye baridi, labda. Kwetu mwezi wa kumi, mbele ya mvua, lampi hazidumu. Mzee fundi alitoa ile resistansi akatia ya ohm 68, ya waati 10. Lampi zinapumua, sauti ilipungua kidogo sana, na katika sisi mmoja tu anasema anasikia tofauti. Tunamwacha aseme.

Umeme wa ukutani nao una tabia zake. Mchana unashuka, usiku wa manane watu wakilala unapanda kupita 240. Nyuma ya ampli kuna kigeuzi cha volti, na ngazi ya juu ni 245. Tukipiga usiku tunaiweka pale. Jambo la kupima ni uzi wa lampi: unatakiwa kupata volti 6.3. Ikiwa imeshuka kidogo, si kitu. Ikipita 7, zima.

Njia ya gitari ile yenye mwangaza sana, kondensa ya mwanzo ni ndogo, pikofaradi 500, inaacha sauti nyembamba ipite na kuzuia nene. Kwa solo ni sawa. Kwa mi-solo ilikuwa inachoma masikio. Tuliongeza ingine ya 1000 pembeni yake. Ni soda mbili tu na etani kidogo, na mtu wa mi-solo alicheka peke yake jioni yote.

Lampi tulizipata wapi? Swali hili linarudi kila siku. EL84 na ECC83 hazikuwa za ampli za gitari peke yake. Radio kubwa za mbao na gramofoni za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa nazo. Katika nyumba za zamani za mashimo, chini ya vitanda, ziko. EL84 mbili zetu zilitoka kwa radio ya babu wa jirani. Lampi ya Urusi inayoandikwa 6П14П ni EL84 kwa jina lingine. Mpya zinatengenezwa mpaka leo Slovakia, Urusi na Uchina, na kamarade akisafiri tunamwomba azifunge ndani ya soksi. Lakini zile nne, tunazipima pamoja. Moja ikiwa na nguvu kupita wenzake, itabeba kazi yao na kufa mbele.

Sasa deni la hospitali.

Mu AC30 yetu mlikuwa oparleri mbili za Celestion, zile za buluu, waati 15 kila moja. Sumaku yake inaitwa alniko: aluminiumu, nikeli, kobalti. Karibu robo ya sumaku ile ni kobalti. Mtu mmoja wa Bulaya, aliyepitia kwa rafiki wa Lubumbashi, aliona picha na akatoa dola mia saba kwa oparleri mbili tu, ampli yenyewe hakutaka hata kuisikia. Tulifanya mkutano. Wengine walisema ukitoa zile buluu unatoa roho ya ampli. Delege wetu mzee alisimama akasema: "Roho iko mu mkono ya mtoto wetu pale hospitali." Tukapiga kura. Tuliuza.

Siku ya kuzifunga ndani ya karatoni, tulikumbuka jambo ambalo vijana hawalijui. Mwaka 1978, mwezi wa tano, vita iliingia Kolwezi. Mashimo yakasimama. Zaire ilikuwa ya kwanza duniani kwa kobalti, na bei ilipanda zaidi ya mara tatu. Viwanda vingine vya oparleri vya Marekani na Ulaya vikaona haviwezi tena, vikaacha alniko na kuingia kwa sumaku ya ferite, isiyo na kobalti. Hiyo ni sababu moja oparleri za zamani zinatafutwa na wenye makuta. Watu wa Bulaya wanaandika vitabu juu ya sauti ile iliyopotea. Wengine wetu walikuwa batoto Kolwezi mwaka ule. Wanaikumbuka kwa mambo mengine.

Tulitia oparleri za ferite, ohm 8 mbili kwa mstari mmoja, ili transfo ione 16 inayozoea. Hapo msifanye mchezo: ampli ya lampi ikiwashwa bila oparleri na mtu akapiga gitari, transfo ya sauti inaweza kuungua. Sauti iko namna gani? Tuseme ukweli. Imekuwa kavu kidogo, na ule utamu wa nota ya mwisho inapozimika umepungua. Kwa matanga hakuna aliyeulizia.

Na mdogo wetu? Mkono ulishikana, umepinda kidogo. Hakurudi kwa ampli mara moja. Alianza na kitu kisichoua: pedali ya fazi, ile inayofanya gitari ilie sawa msumeno, kwa betri ya volti 9. Aina ya Fuzz Face, iliyotoka London mwaka 1966, ina transista mbili tu, resistansi chache, na kondensa tatu. Za kwanza zilikuwa na transista za germaniumu. Tulimletea AC128 kutoka kwa radio ndogo zilizokufa, alizipima zaidi ya ishirini kabla ya kupata mbili zinazofaa, moja ya nguvu kama 75, ya pili kama 120. Zingine zilikuwa zinavuja sawa ndoo ya soko.

Na germaniumu ni jambo la hapa. Jiwe linaloitwa renierite lilijulikana kwanza kutoka shimo hili la Kipushi, na katika miaka ya 1950, wakati dunia yote inatafuta germaniumu kwa transista, Kipushi ilikuwa moja ya fasi kubwa za kuitoa. Hatuwezi kusema AC128 ile ilitoka chini ya miguu yetu. Inawezekana, basi. Shimo lilisimama mwaka 1993 na kurudi kazini mwaka 2024, kwa zinki. Na mwaka uleule, germaniumu iliyotolewa kwa mlima wa taka za Lubumbashi ilianza kupelekwa Ubelgiji.

Mpigaji wa solo hataki fazi. Anasema rumba si vita. Vijana wawili wanaitaka kila wimbo. Tulipatana: wimbo mmoja kwa usiku, na si kwa matanga.

Tabu yake ni jua. Germaniumu haipendi joto, inahamahama. Mdogo wetu alitia kirekebishaji kidogo, anakipanga mpaka transista ya pili isome volti 4.5, nusu ya betri. Mposho iliyopita, saa kumi, ukumbi ulikuwa sawa tanuru, na pedali ikaanza kukohoa. Alipima, haiko tena 4.5. Akatia kitambaa chenye maji ndani ya mfuko wa plastiki, akaifunika pedali, akakaa pembeni yake na testeri kwa mkono wa kushoto. Sisi tuliwasha ampli tukamngoja.